Fungate ni siku saba, si safari ya kisiwani

Wiki tatu kabla ya kuolewa, mpwa wangu alinitumia tangazo la hoteli kwenye simu. Lilikuwa na picha ya mchanga mweupe, minazi miwili iliyoinamia bahari na kitanda kilichozungushiwa chandarua. Chini ya picha paliandikwa maneno ya Kiswahili. "Mjomba," aliuliza, "si wewe ni mwalimu wa Kiswahili? Hebu niambie hawa wanasema nini."

Nililisoma mara mbili. Nanukuu: "Torokeni mje katika kisiwa chetu cha upweke cha kitropiki. Jozi zote zakaribishwa. Fungate ya siku tatu, pamoja na chajio cha kimapenzi ufuoni." Kisha ikafuata bei. Nilipoiona bei ndipo nilipoelewa kwa nini msichana ameniletea mimi tangazo badala ya mamake. Yeye na mchumba wake walikuwa wamepiga hesabu: nusu ya pesa wanayo, nusu wangekopa kwa simu.

Sikusema lolote kuhusu mkopo maana sikuulizwa. Nilijibu nilichoulizwa, yaani Kiswahili. Lakini kadiri nilivyozidi kulichambua tangazo lile, ndivyo nilivyoona kwamba suala la lugha na suala la mkopo lilikuwa moja. Leo nataka tulichambue pamoja.

Tuanze na "torokeni". Hii ni tafsiri sisisi, yaani tafsiri ya neno kwa neno isiyojali maana inayobebwa na lugha pokezi. Mwandishi wa Kiingereza anapowaalika watu watoroke, anakusudia waache kazi, foleni za magari na simu za wakubwa wao, wakapumzike. Katika Kiswahili anayetoroka ni mfungwa, mbuzi aliyekata kamba, mdaiwa na mwanafunzi anayeruka ua wa shule. Na wawili wakitoroka pamoja, basi tunaelewa kwamba wazazi hawakukubali. Akitoroshwa binti wa shule, taarifa hiyo huishia mahakamani na katika gazeti hili. Bibi harusi aliyetolewa posa, akalipiwa mahari na kuozwa mbele ya mashahidi, anamtoroka nani?

Tuje kwa "jozi". Viatu huenda kwa jozi, soksi pia, na watangazaji wa kandanda wamezoea kusema jozi ya washambuliaji. Mume na mke si jozi. Lakini hapa namwonea huruma mtafsiri, kwa kuwa alikuwa na tatizo la kweli. Neno la Kiingereza alilokuwa akilitafsiri hufunika wote: waliooana, waliochumbiana, na wale ambao hawajaamua. Kiswahili hakifuniki. Kinakudai uchague. Ukisema wanandoa, umesema wameoana. Ukisema wachumba, umesema posa imekubaliwa na ndoa iko njiani. Ukisema wapenzi, umewaachia majirani wamalize wenyewe. Mwenye hoteli hataki kumuuliza mgeni swali hilo, lakini lugha yetu inaliuliza kabla mgeni hajashuka kwenye mashua.

Hali kadhalika "chajio cha kimapenzi". Kivumishi hiki tumekichosha sisi waandishi wa habari. Tumekitumia mno katika "uhusiano wa kimapenzi", na aghalabu taarifa yenyewe huhusu polisi, talaka au mwanasiasa. Kwa hiyo ukikiweka mbele ya wali na samaki, chakula kinaanza kutiliwa shaka. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya jambo hili. Kina mahaba, huba, mapenzi, nyonda na upendo, na kila neno lina mahali pake. Hata hivyo, wakati mwingine njia bora ni kutotaja kabisa. "Chajio cha wawili ufuoni" inatosha. Msomaji mwenye akili atajaza yaliyosalia.

Na "kitropiki"? Neno si kosa, ila limeelekezwa kwa mtu asiyekuwapo. Kisiwa cha kitropiki ni habari kwa mtu anayeishi kwenye theluji. Kwa mtu wa Mombasa, Lamu au Kisumu, kila kisiwa alichowahi kukiona ni cha kitropiki. Ni kama kumwalika mvuvi aje aone bahari ya chumvi. Neno hilo lilinionyesha kwamba tangazo lile halikuandikwa kwa ajili ya mpwa wangu. Liliandikiwa mtu mwingine, wa mbali, likavalishwa Kiswahili na kutumwa kwake. Picha ni ya mtu mwingine, ndoto ni ya mtu mwingine, ila bei ndiyo yake.

Sasa "upweke". Mtafsiri alitaka kusema kwamba kisiwa kiko mbali na macho ya watu. Akasema kina upweke. Lakini upweke ni ugonjwa wa moyo. Mjane ana upweke, na mgeni wa mji asiye na jamaa ana upweke. Hakuna anayelipa pesa akapate upweke, sembuse kukopa. Neno alilolihitaji ni faragha. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa tupu au kuwa na nafasi, nasi tumelipa maana ya hali ya kuwa mahali pasipo macho wala masikio ya wengine. Faragha ina kheri ndani yake. Watu huitana faragha ili wazungumze jambo la maana, kisha hurudi kwa wenzao. Upweke hauna wa kurudi kwake.

Tofauti hii ya faragha na upweke ndiyo inayonipeleka Lamu, kwa sababu kisiwa kilichotangazwa kiko katika funguvisiwa lile, na kwa sababu mamangu, nyanyake bibi harusi, alizaliwa huko.

Mtalii anayefika Lamu hushukia uwanja wa ndege ulioko kisiwa cha Manda, kisha akavuka mkono wa bahari kwa mashua. Manda ina fuo ndefu zisizo na nyumba nyingi, na matangazo hupenda kuzisifu kwa sababu hiyo. Lakini ndani ya kisiwa hichohicho mna magofu ya Takwa, mji wa Waswahili uliokuwa na watu tangu karne ya 15 hadi ya 17. Msikiti wake mkuu ungalipo, na kaburi lake la mnara pia. Watu wa Takwa walihama wakavuka kwenda Shela katika kisiwa cha Lamu, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni uhaba wa maji ya kunywa. Kiswahili kina neno la mahali kama hapo: mahame, yaani mahali palipohamwa. Kwa hiyo kimya ambacho mgeni anakinunua kama faragha, mwenyeji anakijua kwa jina jingine. Anajua nani aliondoka na kwa nini.

Je, hao waliohama walikosa faragha walipofika mjini? La. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, ni mji wa vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa taabu. Nyumba zimegusana kuta. Hata hivyo, nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa hesabu ya faragha. Unaanzia kwenye daka, pale nje penye mabaraza ambapo mwanamume hukaa na wageni wake. Unaingia kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kisha msana wa tini, halafu msana wa yuu, ambavyo ni vyumba virefu vinavyofuatana (tini na yuu ni chini na juu katika Kiamu). Mwishoni unafika ndani, chumba chenye zidaka ukutani, cha mwenye nyumba na mkewe. Kila hatua ina macho machache kuliko iliyotangulia. Waliijua faragha, wakaijenga kwa mawe na chokaa katikati ya watu. Hawakuhitaji kuifuata ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo neno la mwisho la tangazo, na ndilo kubwa, lilipozaliwa: fungate.

Miaka mingi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha kwamba fungate limetokana na kitenzi funga, kwa kuwa maharusi hufungiwa ndani. Maelezo hayo yanavutia, maana maharusi walikaa ndani kweli. Lakini si sahihi. Fungate ni nambari. Ni saba.

Ushahidi tunao jirani. Tazama namna Wagiriama wanavyohesabu. Tatu yetu ni hahu kwao, moto wetu ni moho wao. Utaona kwamba mahali tunaposema t, wao aghalabu husema h. Sasa waulize saba. Watakwambia fungahe. Rudisha t mahali pa h, utapata fungate. Waulize sita, watakwambia handahu, na Kiswahili cha zamani kilikuwa na tandatu. Waulize tisa, watakutajia neno ambalo ni ndugu wa kenda, nalo kenda tunalo hadi leo katika jina la Mijikenda, watu wa miji tisa.

Yaani sita, saba na tisa tulizikopa kutoka Kiarabu, zikazisukuma nje nambari zetu za asili. Ndiyo maana hata leo maneno hayo matatu yanakataa kuvaa viambishi vya ngeli. Tunasema watu watano na watu wanane, lakini watu sita, watu saba, watu tisa. Ni wageni waliokaribishwa wasibadili mavazi. Fungate ilipofukuzwa kwenye hesabu ya sokoni haikufa. Ilikimbilia mahali pamoja tu, chumbani mwa maharusi, ikawa jina la zile siku saba za kwanza za ndoa.

Siku hizo zilikuwaje? Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inaieleza fungate kuwa muhula wa siku saba, hasa zile za baada ya harusi, ambapo baba wa bibi harusi huwapelekea maharusi chakula. Hebu tulia hapo kwenye chakula. Fungate ilikuwa na mgharamiaji, na mgharamiaji huyo hakuwa bwana harusi. Katika familia nyingi za waungwana wa Lamu mume ndiye aliyeingia nyumbani kwa mke. Wawili hao walikaa ndani, hawapiki, hawafui, hawatumwi. Waliobaki nje ndio waliopika na kupakua. Faragha yao ililindwa na watu, haikulindwa na umbali. Na hakuna aliyedhani ni siri. Harusi za wakubwa zilitangazwa kwa siwa, lile baragumu kuu la Lamu na Pate. Kwa sadfa, siwa ni neno pia la kisiwa kikubwa. Wahenga wetu walipuliza siwa ili mji mzima ujue. Sisi tunapanda mashua kwenda kwenye siwa nyingine ili mtu asijue.

Hata wenye lugha ya Kiingereza hawakuanza na safari. Neno lao lenye asali na mwezi ndani yake, ambalo wengi wetu hulitamka hanimuni, limo katika maandishi tangu karne ya 16. Lilimaanisha ule muda wa mwanzo wa ndoa, mtamu kama asali lakini unaopungua kama mwezi. Maana ya safari ilikuja kushika baadaye sana, katika karne ya 19. Kwa hiyo pande zote mbili tulianza na wakati, tukaishia na mahali. Muda hauuzwi kwa urahisi. Mahali panauzika. Ndiyo maana mtu anaweza kukuuzia fungate ya siku tatu bila kuona haya, kama vile mtu kukuuzia dazeni ya mayai manane.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu siku ya Jumapili, kwa mamangu, tukinywa chai. Mamangu, ambaye alikuwa akichambua mchicha, aliinua uso mara moja tu. "Siku tatu? Hiyo ni tatu. Haiwi fungate." Akarudi kwenye mchicha wake.

Nilidhani hoja imekwisha. Lakini mpwa wangu alikuwa na jibu, nami naliandika kwa sababu lilinishinda.

"Mjomba, wewe unasifu hao watu wa nje wanaopika na kupakua. Mimi ndio ninaowakimbia. Hao wanaoleta sinia ndio wanaotaka kujua mmelalaje. Ndio wanaosubiri shuka asubuhi. Nyanya, si ni kweli?"

Mamangu hakujibu. Nasi sote watatu tulijua kwamba ni kweli. Fungate ya kale ilikuwa na upande huo. Kungwi alikuwa karibu, na pamoja na sinia la chakula yalikuja macho na maswali. Bibi harusi ambaye labda alikuwa na miaka kumi na sita, na ambaye huenda hakumchagua mume, hakuwa na mlango wa kufunga. Walioandika kamusi walitaja chakula, shuka hawakulitaja. Mwanamume kama mimi ni rahisi kuzisifu zile siku saba, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunikagua.

Basi nikalirudia lile neno nililolicheka mwanzoni. Torokeni. Kwa mtafsiri lilikuwa kosa. Kwa mpwa wangu lilikuwa neno la pekee lililosema kweli katika tangazo zima. Alitaka kutoroka, wala hakuwa akimtoroka mchumba wala mahari. Alitaka kuyatoroka macho. Nilikubali mbele yake, na nakubali mbele yenu, kwamba sikuwa nimelisoma tangazo lile vizuri.

Sasa tuseme nini kuhusu matumizi? Lugha haiongozwi kwa amri ya mwalimu. "Kwenda fungate" tayari ni msemo wa Kenya nzima, na waandishi wenzangu wanaandika kila baada ya uchaguzi kwamba fungate ya serikali mpya imekwisha. Siwezi kulirudisha neno ndani ya zidaka. Lakini naomba tutofautishe mambo mawili. Safari ya kupumzika ina majina yake, mathalani mapumziko ya wawili, au matembezi ya maharusi. Ni kitu kizuri, kina bei, na mwenye uwezo akakinunue. Fungate ni muda ambao maharusi wameachiwa na dunia ili wazoeane. Haina bei. Unaweza kuipata katika chumba kimoja cha kupanga Changamwe, ikiwa tu watu watakubali kuwaachia. Tunapoyachanganya haya mawili, kijana asiye na pesa za kisiwa anaamini kwamba hana fungate, na kwamba ndoa yake imeanza na upungufu. Hapo ndipo mkopo unapoingilia. Mwanzo wa ndoa unalipiwa riba kwa sababu ya neno lililotafsiriwa vibaya.

Nililiandika tangazo upya, kwa zoezi tu, wala hoteli haikuniomba: "Karibuni kisiwani. Wawili mtakaa faragha, mle chajio ufuoni, na hakuna atakayewauliza kitu. Siku tatu." Nilipomsomea mpwa wangu aliipenda zaidi sentensi ile ya hakuna atakayewauliza kitu.

Waliooana wamekwisha kuoana. Mkopo hawakuchukua. Walisubiri msimu wa masika, hoteli zinapokosa wageni na kushusha bei, wakaenda kwa pesa walizokuwa nazo, usiku mbili. Mvua iliwanyeshea, na kile chajio cha ufuoni wakakilia chumbani. Waliporudi walikaa siku tano nyumbani kwao, simu zimezimwa, mlango umefungwa kwa ndani. Mamangu aliwapelekea pilau kila siku kwa mwendesha bodaboda, akamwagiza aiache mlangoni, abishe hodi mara moja na aondoke asisubiri kufunguliwa.

Siku ya mwisho nilimkuta akihesabu kwa vidole. Mbili za kisiwani, tano za nyumbani.

"Sasa hiyo ndiyo fungate," akasema.